Dumu Lililoandikwa Ya Wazee

Vijana wangu, mkiniuliza nilifanya kazi gani kabla ya kustaafu, nitawajibu kama ninavyomjibu mjukuu wangu: nilikuwa mwoga, na uoga huo nililipwa mshahara. Watu wengine watawaambia Masanja alikuwa mpishi mkuu wa kiwanda cha pombe kali. Ni kweli, na cheti kimetundikwa sebuleni kwangu hapa Buhongwa, juu ya televisheni. Lakini aliyeniajiri hakuniajiri kwa kupika. Siku ile sikujua hata pombe inaanzia wapi na inaishia wapi.

Aliyeniajiri aliitwa Kokugonza, na sisi tulimwita Mama Koku. Kiwanda kilikuwa chake, alikianzisha yeye. Siku nilipokwenda kuomba kazi tulikuwa vijana wengi nje ya geti, kila mmoja amenyoosha shati. Mama Koku akatoka, kanga kiunoni, mabuti ya mvua miguuni, akatupitia mmoja mmoja akiuliza swali moja tu: "Unaogopa nini?" Wenzangu wakajipiga vifua. Mmoja akasema haogopi hata mamba. Mimi nikasema naogopa mamba, naogopa moto, naogopa radi, naogopa mama mkwe wangu na mbwa wake pia. Wote wakacheka, isipokuwa yeye.

"Wewe Msukuma, njoo kesho," akaniambia. "Hawa wengine wataniunguzia watu."

Mnaoanza kazi hii leo mmekuta kila kitu kinang'aa, kwa hiyo niwaeleze huyo mama alikotoka. Kwao ni upande wa Muleba, kwenye migomba na kahawa. Kupika alifundishwa na mama mkwe wake, kwa pipa, kuni na mrija wa shaba uliopitishwa kwenye maji baridi. Mumewe alimleta Mwanza, akafariki mapema, na Mama Koku akabaki na pipa na watoto. Miaka hiyo alipika akijificha nyuma ya miamba, na mgambo wakitokea anabeba mtambo mzima kichwani, anapanda mlima nao.

Kilichomtoa mafichoni hakikuwa mgambo. Alikuwa na jirani, fundi cherehani, ambaye alikunywa gongo kwenye sherehe moja, akaamka hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Baadaye hata cherehani yenyewe akawa anaitafuta kwa kupapasa. Gongo ile haikuwa ya Mama Koku, ilitoka kwa mtu mwingine kabisa. Hata hivyo, alituambia kwamba siku hiyo alirudi nyumbani, akaliangalia pipa lake, akatetemeka mpaka akakaa chini. Tangu hapo akawa mtu wa kupanga foleni kwenye maofisi ya Nyamagana, akitafuta leseni, akitafuta mkemia wa kumpimia, akifukuzwa, akirudi. Walimchoka kabla yeye hajawachoka, wakampa. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa ile chupa yenye picha ya mgomba mnayoijua.

Sasa kazi yenyewe. Mtambo ukipata moto, kinachoanza kutona kinanuka rangi ya kucha na kinachoma pua. Hicho kinaitwa kichwa. Kinachofuata ni moyo, na cha mwisho ni mkia. Moyo ndio tunaouweka kwenye chupa. Kichwa usikinywe, usimpe mtu, usikionje hata kwa ncha ya ulimi. Na msidanganywe na wale wanaowasha kiberiti kwenye kijiko, wakawaambia moto wa bluu maana yake pombe ni salama. Moto wa bluu nimeuona kwenye vitu ambavyo nisingempa panya.

Enzi za kuni tuliziba maungio ya mtambo kwa ugali wa muhogo. Siku moja ugali ukakauka, ukapasuka, mvuke ukatoka kwa mluzi, na mimi nikatoka pamoja nao. Walinikuta barabara ya Shinyanga, mwiko bado mkononi. Nilirudi nikijua nimefukuzwa. Nikamkuta Mama Koku anawafokea wenzangu waliokuwa wamebaki pale wakiushangaa mvuke badala ya kukimbia. "Jifunzeni kwa Masanja," akawaambia. "Huyu atazeeka." Tulipoletewa boila na vipimajoto, nilifurahi kuliko wote, maana kwa mara ya kwanza nilipata kitu cha kuogopa pamoja nami.

Lakini neno kichwa Mama Koku hakulipenda. Alisema ukimwambia mlevi kwamba kichwa hakinywewi, atauliza kwa nini, kisha ataonja. Nyumbani kwao alikua akiona pombe ya kwanza inamwagwa chini kwa ajili ya waliokwisha kufa, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayegombania kinywaji cha marehemu. Basi kila mtambo ulipoanza kutona alisimama pale na kusema, "Hii ni ya wazee." Tuliikinga kwenye dumu la bluu, na juu ya dumu aliandika kwa mkono wake, kwa rangi nyeupe: YA WAZEE. Hatukuimwaga, kwa sababu ilifaa kuondoa gundi ya lebo na kusafisha vyuma. Hata ile spiriti ya viwandani, nyeupe kama maji lakini yenye sumu ya kupofusha macho, iliyobaki kwenye kazi ya lebo, tulizoea kuimimina humo humo.

Ndani ya ukuta wetu, kwa hiyo, "ya wazee" ilikuwa na maana moja: usiguse. Na kweli hakuna aliyegusa. Hata walevi wetu mashuhuri, ambao wangekunywa maji ya betri kama ungeyatia limau, walilipitia dumu lile kwa mbali. Sijawahi kuona alama ya hatari iliyofanya kazi vizuri namna hiyo.

Mama Koku alikuwa na kaka, Mzee Elieza. Alikuwa mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri, mtu wa uamsho, aliyeokoka ujanani na hakurudi nyuma. Alikuja Mwanza mara nyingi kumtembelea dada yake. Nyumba ya Mama Koku ilikuwa ubavuni mwa kiwanda, mlango kwa mlango, lakini Mzee Elieza hakuwahi kuvuka kizingiti cha kiwanda. Alimletea mikungu ya ndizi za kupika, ya ndizi za pombe hakuleta hata siku moja. Walipendana, walicheka pamoja wakila, na juu ya kazi ya dada yake Mzee Elieza hakusema neno, la kusifu wala la kulaumu. Mama Koku alizoea kututania, "Kaka yangu anadhani natengeneza sabuni."

Mama Koku akafariki. Moyo ulisimama akiwa anakunywa chai ya asubuhi.

Msiba uliwekwa kwenye uwanja wa kiwanda, kwa kuwa nyumbani kwake watu wasingeenea. Mchana wa siku ya kusafirisha mwili kwenda Muleba, kwaya ilikuwa mbele chini ya turubai, na Mzee Elieza karibu na jeneza na Biblia yake. Ndiye aliyepangiwa kuongoza ibada ya njiani na kusema neno kaburini. Nyuma kabisa, karibu na stoo ya chupa, walikaa wazee wa Kagera waishio hapa mjini, wakinywa rubisi, ile pombe ya ndizi ya kwao, na kuongea taratibu kama inavyopaswa.

Rubisi ikaisha. Mzee Pastory, mkubwa wao kwa umri na kwa sauti, akamwita Neema. Neema alikuwa karani wa mauzo, binti mpole, alifanya kazi katika ofisi yetu ya mjini na hakuwa na sababu ya kuingia ndani ya kiwanda.

"Binti, huku kumekauka. Hakuna ya wazee?"

Nyinyi nyote mmeshahudhuria misiba na harusi. Mnajua mtu akiuliza "ya wazee" anauliza nini. Anauliza fungu la watu wazima, lililotengwa ili vijana wasilimalize. Neema akaenda stoo, akaona dumu la bluu, na juu yake mwandiko wa marehemu. Aliniambia baadaye kwamba machozi yalimtoka. Alidhani Mama Koku aliwatengea wazee wake kabla hajafa.

Mimi nilikuwa nabeba viti. Nikapita nyuma ya wazee wale, na harufu ya rangi ya kucha ikanigonga. Nikasimama. Nikatazama chini nikaliona dumu katikati ya miguu yao, kifuniko kiko wazi. Vijana, nimeogopa mambo mengi maishani na mengi mmeyacheka, lakini sijawahi kuogopa kama siku ile. Viti viliniponyoka. Nikamrukia Mzee Pastory, nikampokonya kikombe mdomoni.

"We Msukuma, una wazimu?" akasema. "Unampokonya mtu kikombe msibani?"

"Shikamoo mzee, nisamehe, hiyo hainywewi."

"Marahaba. Hainywewi vipi? Imeandikwa ya wazee. Sisi ni akina nani?"

"Ni ya wazee waliokufa, mzee wangu!"

Wakaangaliana, kisha wakacheka sana. "Basi tungojee kidogo," mmoja akasema, "hatuko mbali." Wakanyoosha mikono kwenye dumu wajimiminie tena.

Hapo ndipo palipo na ubaya wa sumu ile. Haina haraka. Mtu anaweza kuinywa mchana akaongea vizuri, akala, akalala, na kesho yake akafungua macho akaona ukungu. Wazee walikuwa wazima mbele yangu, wanacheka, na mimi niliwatazama macho yao mmoja mmoja nikitafuta kitu ambacho nilijua hakiwezi kuonekana bado. Nilianza kulia kwa sauti. Nadhani kilio ndicho kilichowashawishi, maana mtu mzima wa kiume halii hivyo kwa ajili ya kikombe. Mmoja akatema mate chini. Waliokunywa wakasema wamekunywa, na nikawaambia waingie kwenye kirikuu, kigari chetu cha kusambazia mzigo, ambacho kilikuwa bado na kreti za chupa. Tulipotazama, Mzee Pastory hakuwepo. Kikombe cha kwanza alikuwa amekwisha kukimaliza; alichukia kupokonywa cha pili, akapanda bodaboda kwenda kulala kwake Buzuruga. Nikamwagiza mlinzi amfuate.

Neema akanivuta shati.

"Kaka Masanja, kuna mwingine."

"Nani?"

Akageuza uso kuelekea mbele, kwenye kwaya. "Alikuja nyuma ya jiko peke yake. Akaniambia, 'Binti, nipe kidogo katika ile aliyokuwa anapika dada yangu. Usimwambie mtu.' Nikammiminia kutoka kwenye dumu. Akafumba macho, akanywa yote."

Nilijikaza nikaenda mbele. Mzee Elieza alikuwa ameshika ukingo wa jeneza. Gari la kubeba mwili lilikuwa linarudi kinyumenyume, dereva anapiga honi. Nikainama sikioni kwake.

"Mzee, kuna pombe mbaya imetoka stoo kwa makosa. Waliokunywa wote wanakwenda hospitali."

"Mungu awasaidie," akasema.

"Na wewe je, mzee?"

Akanitazama. "Mimi? Mimi nimeokoka, Masanja."

Nifanye nini? Wanakwaya walikuwa hapo hapo, mchungaji hapo hapo, ukoo mzima. Ningepaza sauti ningemvua nguo mzee wa watu mbele ya jeneza la dada yake. Ningenyamaza angepanda lile gari, safari ya kutwa, na ukungu ungemkuta barabarani mbali na daktari. Ndipo nikakumbuka kwamba mtu huyu maisha yake yote hakuwahi kukataa kumwombea mgonjwa.

"Mzee," nikasema kwa sauti ya kusikika, "wazee wenzako wana hofu. Wanaomba mtu wa kuwaombea huko hospitali. Ukoo utatangulia na mwili."

Akalitazama jeneza muda mrefu, akaliwekea kiganja. Kisha akampa mchungaji Biblia yake, akanifuata.

Kwenye kirikuu alikaa mbele kati yangu na dereva, wazee wengine nyuma na kreti. Tulipita Buhongwa, tukaikuta foleni, dereva akapita pembeni. Hakuomba. Alikuwa anatazama vibao vya maduka, na niliona kila kibao anakisoma kwa midomo, taratibu, herufi kwa herufi, kama mtu anayejipima.

"Masanja," akasema, "mtu akiwa amekunywa kidogo tu. Kikombe kimoja. Anapona?"

"Mtu gani, mzee?"

"Mtu tu."

"Mtu huyo akitibiwa leo anapona. Akificha, sijui."

Akaendelea kusoma vibao.

Daktari alikuwa mama kijana mwenye sauti tulivu, na utulivu wake ulinitisha zaidi. Aliuliza ni nini kilichokuwa kwenye dumu, nikamweleza bila kuzunguka. Akasema dawa yake maalumu hawana siku hiyo, lakini ipo njia ya pili: pombe safi yenye kipimo kinachojulikana, ikichanganywa na maji, wagonjwa wanyweshwe kidogo kidogo kwa saa nyingi huku damu inaangaliwa, ili sumu ikose nafasi ya kufanya kazi. "Mnaweza kuipata?" akauliza. Nikamwambia ipo mlangoni, kreti nzima, imefungwa na lakiri. Na msije mkaijaribu nyumbani, nawaomba. Bila daktari mtakuwa mnaongeza maiti.

Muuguzi akapita kitanda kwa kitanda na vikombe vya plastiki. Alipomaliza wale niliowaleta nyuma, alibakiwa na kikombe kimoja ambacho nilimwomba akiongeze. Mzee Elieza alikuwa amesimama ukutani, kofia mikononi. Hakuna aliyemtazama. Nikasogea nikakishika kikombe kile mbele yake bila kusema kitu.

"Ndiyo yake?" akauliza kwa sauti ndogo. "Ndiyo ya Koku yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe, mzee."

"Nivutie pazia."

Nikamnong'oneza muuguzi amhesabu na wagonjwa, nikavuta pazia la kitanda kilichokuwa tupu. Nikasikia anakunywa, kisha akasema kwa Kihaya maneno ambayo sikuyaelewa. Nilitamani kuuliza, nikaona si yangu.

Tulikaa hapo mpaka kesho yake. Kila walipoletewa kikombe niliwauliza waniambie rangi ya shati langu, mpaka daktari akaniamuru nikae chini. Asubuhi mlinzi alimleta Mzee Pastory, anashikwa mikono na wanawe. Mlinzi alikuwa amefika kwake jana yake akaambiwa mzee amelala, ametoa amri asiamshwe, na hakuthubutu. Alipoamka aliwalalamikia watoto wake kwamba wamejaza moshi chumbani. Ilikuwa kweupe, na hakuna aliyewasha jiko. Yuko hai mpaka leo, ila anawajua watu kwa sauti, na nikimtembelea hunishika uso kwa vidole, akaniambia, "Ndiwe uliyenipokonya kikombe. Ungekuja mapema." Hanilaumu, anacheka akisema hivyo. Mimi sicheki.

Lile neno nililifuta kwa mkono wangu, kwa msasa. Mahali pake wakaandika SUMU, na mchoro wa fuvu kwa rangi nyekundu. Mama Koku alitengeneza neno la kuwalinda watu waliokuwa ndani ya ukuta, na likawalinda vizuri, mpaka likatoka nje kwenda kwa watu wenye maana yao wenyewe. Yeye asingeweza kulijua hilo. Mimi, ambaye nililipwa kuogopa, sikuliwazia pia. Kwa hiyo nyinyi mkitunga jina la kitu kinachoua, mchukueni mtu asiyefanya kazi nanyi, msimamisheni mbele ya jina hilo, muulizeni anaelewa nini.

Mzee Elieza alipona. Macho yalimsumbua kidogo, mwanga mkali ulimwuma, basi. Siku ile ya pili hospitalini, jua likielekea kuzama, simu yangu iliita. Alikuwa mchungaji, akipiga kutoka Muleba. Walikuwa wamekwisha kumzika Mama Koku. Watu wanauliza, akasema, wamemtafuta kaka wa marehemu aseme neno hawakumwona, na kuombea wagonjwa hakuchukui usiku kucha. Auambie ukoo nini?

Nilifikiria kusema presha, nilifikiria kusema bado anaombea wagonjwa, na vyote vilikuwa karibu kunitoka. Mzee Elieza akanyoosha mkono kutoka kitandani, akaichukua simu.

"Mchungaji, Bwana asifiwe. Hapana, sikuanguka. Nilikunywa pombe ya Koku."

Ndani ya simu nikasikia jogoo wa Muleba akiwika.

"Waambie hivyo hivyo, usiwafiche," Mzee Elieza akasema. "Ya kwanza iliniponza. Lakini ile ya pili, Mchungaji, ilikuwa nzuri. Dada yangu alikuwa anaijua kazi yake."